Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Zimwi

Mideva aliuza vitabu vya mtumba nje ya soko la Kakamega, na siku zote aliketi mgongo wake ukiwa ukutani. Wateja walidhani anachunga wezi. Kumbe alikuwa hawezi kukaa na mlango nyuma yake.

Vitabu vya kutisha alivisoma vyote kabla ya kuviuza: vya majini, vya falme za wachawi, vya maiti zinazotembea. Alivisoma huku akila.

"Maiti ya Ulaya itanifanya nini?" alimwambia Sylvia, muuza viatu wa meza ya pili. "Hata njia ya kwangu Shieywe haiijui."

Kilichomtisha ni kitabu kimoja chembamba cha watoto, alichokisoma akiwa na miaka tisa. Msichana amejifungia ndani peke yake. Zimwi liko nje, linaita kwa sauti ya mama yake: "Fungua, nimelowa." Msichana anashika komeo. Basi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeng'oka.

Tangu hapo Mideva hakumfungulia mtu kwa sababu ya sauti. Aliinama kwanza, akatazama miguu chini ya mlango. Mama yake mzazi alinyeshewa pale nje siku moja akiita bila kufunguliwa, akaapa kutokanyaga tena nyumbani kwake, na hakukanyaga hadi alipofariki.

Jumanne moja Phanuel, mteja aliyepajua kwake, alimwita kijijini Matungu kununua vitabu vya mjomba wake, Mwalimu Protus. Mideva alipofika aliona kaburi bado bichi, na nywele za Phanuel hazijanyolewa. Alijua maana yake. Kwao, kabla ya siku ya kunyoa, kitu cha marehemu hakitoki nyumbani. Kikitoka, marehemu mwenyewe hukifuata.

"Mama, beba haraka, wazee wanakuja," Phanuel alinong'ona.

Mideva alikuwa na lake la kusema, lakini juu ya rundo aliona jalada: zimwi na mlango. Yeye asiyenunua hata daftari bila kuhesabu kurasa alilipia kitabu hicho kimoja, akakitia kwapani na kuondoka.

Alifika Shieywe mvua ya alasiri ikianza. Akatia komeo, akasoma akiwa amesimama. Msichana anashika komeo... Akageuza. Jalada. Ukurasa wa mwisho haukuwapo.

Mlango ukabishwa.

"Hodi! Fungua, dada, nimelowa."

Sauti ya mzee. Mideva aliinama. Chini ya mlango hapakuwa na miguu, ni maji tu yakitiririka.

"Miguu yako iko wapi?"

"Iko kwa gumboot, ningeiacha wapi? Nimejibanza huku kando, paa lako linavuja. Mimi ni Osiako, ndugu ya Mwalimu. Phanuel amenielekeza nyumba. Kesho tunanyoa. Hicho kitabu alikuwa anatusomeanga wote. Lazima kilale kwake."

Gumboot mbili zikasogea mwangani, zimegandwa na udongo mwekundu. Udongo wa kaburini, Mideva alijiambia.

"Kama alikusomea, mwisho wake ni upi?"

"Fungua nikuambie."

Zimwi nalo lingesema hivyo hivyo.

"Niambie kwanza."

"Wewe mama, hapa si sokoni! Kitabu kwanza."

Mwishowe Mideva alipiga magoti, akakisukuma kitabu chini ya mlango. Vidole vya baridi vikagusa vyake. Akaruka nyuma mpaka ukutani.

Gumboot zikageuka. Amenipunja, alifikiri.

Kisha sauti ikaja, tayari kwa mbali kidogo: "Msichana alifungua. Ilikuwa ni mama yake kweli. Amelowa chapachapa."

Mideva alisimama akiipima habari hiyo kama anavyopima bei. Mtu anayetaka kufunguliwa atasema lolote. Lakini huyu alikuwa ameshapata chake na kugeuka. Uongo haungemwongezea kitu.

Alimkumbuka mama yake, kitambaa kimeng'ang'ania kichwani kwa maji, akiita na kuita.

Akashika komeo, likagonga mara mbili kabla ya kutoka. Hakuinama kutazama. Alifungua.

Osiako alikuwa anafika barabarani, kitabu ndani ya koti. Pale kizingitini palibaki tope jekundu, na mvua ilikuwa inaliosha.