Nilikuta jina la jirani yangu kwenye karatasi ya njugu, Kawangware miaka ya tisini

Wakuu, habari zenu. Kwanza mnisamehe makosa ya herufi. Shule niliishia ya msingi, na kwenye simu niko polepole kama nilivyokuwa na kalamu. Humu huwa nasoma tu, naogopa kuandika. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Nilikuwa msichana wa kukaanga njugu pale Kabiro, Kawangware. Njugu tulizifunga kwa karatasi kuukuu, tulizonunua gunia zima Riruta. Mitihani ya watoto, barua za ofisi, majarida yaliyotupwa na maktaba, yote yaliishia kushika njugu.

Mlango wa pili kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga aliishi Kamene, mtu wa Kitui. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, akichunguza seli za kansa ya koo. Ploti nzima ilimwita Daktari, kwa kumcheka.

"Daktari gani hawezi kutibu hata kikohozi?" Mama Kevo, mpangaji mwenzetu, alimwuliza siku moja pale mferejini.

"Kikohozi nimekuachia wewe, mama," akajibu, akabeba mtungi wake.

Basi siku moja nikikunja karatasi nikaona jina lake. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota, lakini neno cancer nililijua. Mwisho wa ukurasa kulikuwa na orodha ndefu ya majina, na Kamene yumo.

Wakuu, nilidhani ni orodha ya wagonjwa.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nilimwachia njugu mlangoni. Siku ya nne nikamkuta ameketi juu ya ndoo, macho mekundu. Nikajua basi, ugonjwa umezidi. Nikamnyooshea ile karatasi.

"Pole, Daktari. Nimeona uko kwa list."

Akasoma. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akalia.

"Adhiambo, hawa si wagonjwa. Mtafiti akitumia kazi ya mwenzake, lazima aandike jina lake hapa nyuma. Walioandika hii wako Japani, hata siwajui. Wamesoma kazi yangu!"

Kumbe macho mekundu yalikuwa ya jambo lingine. Ijumaa kamati ingekaa kuamua kama atatolewa maabara. Walimwambia machapisho yake ni manne tu, tena hakuna anayeyasoma. Naye hakuwa na njia ya kujua nani ameyasoma. Intaneti hatukuijua, na majarida ya nje mengi hayakufika kwao.

Nikamwambia gunia lile niligawana na dada yangu Akinyi, aliyeuza njugu Lindi, Kibera. Asubuhi tukaenda.

"Adhis, umetoka Kawangware yote hiyo kuniomba takataka?" Akinyi akasema. Lakini alipoelezwa, alichuchumaa kupekua karatasi kabla yetu. Mteja mmoja alikuwa ameshaondoka na pakiti yake, Akinyi akamfokea, "Wewe Otis, rudisha karatasi! Njugu weka mfukoni!"

Otis akarudisha, akitukana. Jina lilikuwepo.

Tulipata kurasa kumi na moja. Za watu tofauti, nchi tofauti, na karibu wote walitaja kazi ile ile moja, kuhusu seli zinazokataa kufa. Hiyo Kamene aliiandikia palepale kwenye ploti, kwenye meza ya kupigia pasi, sisi tukimwona kama mtu asiye na kazi.

Ijumaa akaenda nazo ndani ya bahasha, zina mafuta na chumvi. Alituambia mzee mmoja wa kamati alizisoma zote, kisha akauliza zimetoka maktaba gani.

"Kwa jirani yangu," akajibu.

Hakutolewa. Na chapisho lake la tano lilipotoka, alikuja nalo mpaka kwa jiko langu, akanionyesha kwa kidole mahali alipowashukuru watu. Adhiambo na Akinyi, tumeandikwa.

"Sasa na wewe uko kwa list," akaniambia.

Nilichojifunza: mtu anaweza kuwa na machache, na hayo machache yakabeba watu wa mbali ambao hatawahi kuwaona. Na ukiona jambo la kukutisha kuhusu jirani, muulize. Mimi nilipoteza siku tatu, na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Karatasi ya chapisho hilo ninayo hadi leo. Hiyo sijafungia njugu.

Je, nyinyi mliwahi kuishi na mtu wa hivi bila kumjua? Niandikieni, hata mstari mmoja. Nitajibu wote, ila polepole.