Nesi na Homa ya Mdogo Wake

Kwa miaka kumi na saba nesi wa wodi ya wazazi alirudia somo lile lile kila asubuhi: nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kubadili pedi, mshono uwe safi na mkavu, na ukipata homa, maumivu makali ya tumbo au damu yenye harufu mbaya, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Kinamama waliitikia kama kwaya. Wiki haipiti, mmoja wao analetwa amebebwa. Nesi alikwenda kunung'unika kwenye chumba cha chai kwamba anampigia mbuzi gitaa.

Mdogo wake mjamzito, mwalimu wa sekondari, nesi hakumhesabu kati ya mbuzi hao. Yule alilijua somo kwa moyo, hata akamsahihishia tahajia kwenye bango la wodini. Alijifungua salama, akarudi kwa mama yao kupumzika.

Siku ya sita nesi alipita kumwona. Jua lilikuwa la kuchoma, lakini mzazi alikuwa chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana. Mama yao akaeleza kwa utulivu kwamba ni maziwa tu yanashuka, hata yeye yalimtetemesha enzi zake. Ila chumba kilikuwa na harufu ambayo nesi aliitambua akiwa bado mlangoni. Kipimajoto kikaonyesha thelathini na tisa na nusu.

"Imeanza lini?"

"Juzi. Nilijua utanigombeza."

"Si ulikuwa unazijua dalili zote?"

"Nilizijua, Dada. Nilidhani ni za wale wanaokuja kwako."

 Nesi alimfunika mtoto, akaita teksi, na njia nzima akatazama nje ya dirisha asije akasema neno la kujutia.

Mdogo wake alilazwa siku tano na dripu mkononi, akapona. Daktari alisema wangechelewa siku moja zaidi, wangempoteza.

Tangu hapo nesi hamwambii mtu akariri. Anasimama kitanda kwa kitanda na kuuliza: homa ikikushika nani atakuleta, na nani nyumbani atakuzuia? Wanaocheka anawasubiri mpaka wajibu. Juzi mmoja alikosa wa kumtaja. Nesi akamwandikia namba yake ya simu nyuma ya kadi ya kliniki, akilalamika kwamba sasa hata Jumapili hatapumzika.