Mizani Kwenye Begi

Niliondoka Ilomba asubuhi bila kujua ninakokwenda. Nilichojua ni kwamba sipaswi kuonekana soko la Mwanjelwa. Jana yake nilikuwa nimetundika mizani pale sokoni, napima lumbesa za viazi, yale magunia yanayoongezewa kichwa kikubwa juu huku mkulima akilipwa gunia moja tu. Kazi hiyo alinipa dada mmoja, mtafiti wa uchumi wa kilimo. Alitaka kujua kama viazi vikiuzwa kwa kilo, mkulima ataweza kulipumzisha shamba badala ya kulikamua kila msimu. Shule niliiacha mapema, lakini swali lile lilinikaa kichwani, nikakubali.

Dalali mmoja alinishika kola, akacheka. "Unapima nini, profesa? Ukirudi kesho tutakupima wewe."

Barabarani nilisimamisha lori la kwanza lililotokea. Nilipokwisha kukaa kati ya dereva na utingo wake, ndipo nikatazama nyuma kupitia kidirisha. Lumbesa, zimeshonwa kwa kamba za bluu. Zilezile nilizozipima.

Nililibana begi kwa magoti. Kwenye kila shimo la barabara, ndoano ya mizani iligonga.

"Bosi mwenye viazi hivi anamtafuta jamaa anayepima mizigo," utingo akasema. "Eti mweusi, ana begi."

"Hapo umetaja nchi nzima," dereva akamjibu.

Nikacheka nao.

Tulipoipita Makambako tairi likapasuka. Utingo akashuka na jeki. Dereva akanigeukia.

"Itoe."

"Nini, kaka?"

"Hiyo inayolia."

Nilihangaika na zipu, ikanishinda. Akaifungua mwenyewe, akaitazama mizani, akairudisha.

"Mimi nalipwa kwa gunia," akasema taratibu, "tairi linabeba kilo. Aliyekutuma mwambie na hilo aliandike. Sasa nyamaza."

Jioni alinishusha Ipogolo, chini ya mlima. "Panda mwenyewe. Bosi anaupokea mzigo sokoni huko juu, asije akakuona."

Nilipanda Iringa mjini kwa miguu, nikigeuka kila lori liliponipita. Mama wa gesti aliniuliza nakaa siku ngapi. Nikamwambia sijui, ila naomba chumba kisichotazama barabara.

"Kipo, baba, lakini komeo lake bovu."

Nilikichukua. Nikaitundika mizani kwenye kitasa, ili mtu akisukuma mlango ilie.