Nilivyofuta Oktoba kwa raba, mke wangu akasubiri mwaka mzima kwenda chuo

Wakuu, kaeni sawa. Leo naleta ujinga wangu mwenyewe, sijaazima wa mtu.

Mimi ndiye niliyefuta tarehe ya mtihani wa mke wangu kwa raba, mchana kweupe, nikiwa kwenye foleni ya posta Tukuyu mjini. Sikuwa nimekunywa kitu. Ninayoandika ni kweli tupu, maana mhusika mkuu kakaa hapa pembeni yangu na anasoma kila mstari kabla sijautuma.

Turudi nyuma. Ni miaka ile ya ruksa, mitumba imefika mpaka Bulyaga hapa Tukuyu, kila mtu ana jaketi la timu asiyoijua. Mimi nina form four yangu (division msiniulize), nina shamba la chai na migomba, na sijawahi kulala nje ya Rungwe kwa hiari yangu. Hata Mbeya mjini nikienda, narudi siku hiyo hiyo.

Mke wangu ni mwalimu wa biology, serikali ilimleta kutoka Bukoba. Ana digrii. Alinikubalije, hata yeye akiulizwa hucheka tu.

Huyu mwanamke anapenda magonjwa ya migomba kama wengine wanavyopenda mpira. Ukimpeleka shambani haangalii mkungu, anageuza majani kutafuta madoa.

Basi akapata barua kutoka kwa profesa Marekani. Njoo usome masters ya magonjwa ya mimea, scholarship ipo, ila ufanye kwanza mtihani wa kujiunga uitwao GRE, wa Kiingereza na hesabu, na kila kitu kifike kabla ya deadline, mwanzoni mwa Januari.

Siku hizi nasikia mtihani huo ni wa kompyuta na unajichagulia siku. Enzi zile ulikuwa wa karatasi, mara chache tu kwa mwaka, kituo Dar, na fomu unaituma ng'ambo kwa posta. Matokeo yalichukua kama wiki sita.

Mwalimu akajaza fomu kwa penseli, akatia weusi kwenye kiduara cha Oktoba. Yeye ana vipindi, mimi nina muda, nikapewa bahasha.

"Ambakisye, iende leo. Usisimame popote."

Nikaenda. Mvua ya Tukuyu mnaijua, foleni yote imejibana ndani. Bahasha haijafungwa, na kijitabu cha maelekezo ninacho kwapani. Nikaanza kusoma.

Nikaona kumbe kuna Oktoba na kuna Desemba.

Nikafikiri. Mwalimu kila jioni yuko mezani anapigana na pembetatu, analalamika hesabu zilimtoka tangu sekondari. Desemba shule zimefungwa, atasoma vizuri. Deadline ni Januari. Desemba si iko kabla ya Januari? Iko.

Hiyo ndiyo hesabu ya form four, wakuu.

Na sisi tulizoea mtihani wa kupangiwa. Tarehe ikifika imefika, uwe umesoma, uwe hujasoma. Sasa hawa wazungu wanakuruhusu kuusogeza mbele, halafu wewe unaukimbilia? Tena Oktoba mimi niliiona iko karibu mno.

Mfukoni nilikuwa na penseli yenye raba kwenye kitako. Nikafuta Oktoba, nikatia weusi Desemba, nikalamba bahasha. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Sikumwambia, nilitaka iwe surprise.

Ikawa.

Kadi ya kuingilia mtihani ilipokuja, akaisoma mara mbili. Nikamwambia kwa fahari, "Nimekuongezea miezi miwili ya kusoma."

Akaanza kuhesabu wiki kwa vidole. Mkono wa kwanza ukaisha, akaingia wa pili, akasimama kwenye kidole cha sita.

"Matokeo yatafika mwishoni mwa Januari."

"Si watasubiri kidogo?"

"Ambakisye, umenifutia mwaka mzima."

Akarudi kuchambua maharage. Bora angenitukana. Na barua ya kurekebisha ingefika kule Oktoba imeshapita.

Desemba akaenda Dar, akafanya, akafaulu vizuri, pembetatu zikiwemo. (Hapo amenikanyaga mguu. Anasema nisijipe sifa.) Lakini profesa akaandika kwa upole kwamba matokeo yalifika nafasi zimejaa, aombe tena mwakani.

Mwaka ule nilikuwa na adabu ambayo mama yangu hakuwahi kuiona. Nilijifunza kupika ndizi kama za kwao, nikatamka mbele ya watu kwamba ni tamu kuliko zetu. Kwa Mnyakyusa kama mimi hiyo ni toba nzito.

Kilichotuokoa ni kwamba matokeo yale hayaozi haraka, yanatumika miaka kadhaa. Mwaka uliofuata hakurudia mtihani, alituma maombi mapema, tena akayapeleka posta mwenyewe. Akaenda. Nikabaki miaka miwili na migomba yake, namwandikia madoa niliyoyaona. Akarudi, na hadi leo anageuza majani.

Somo langu kwa wadogo zenu wa sayansi: msihesabu kutoka siku ya mtihani, hesabuni kurudi nyuma kutoka deadline. Toa wiki za matokeo, toa nafasi ya kurudia ukivurunda, na kama idara inataka na mtihani wa somo lako, huo nao utafutie tarehe yake. Ukiweza, fanya mwaka mmoja kabla. Na fomu usimpe mume.

Waliowahi kupishana na deadline, shusheni yenu hapo chini. Na wa kunicheka wacheke, nimeshazoea.

Ila Mwalimu anasema kuna kipande nimekiruka, nisipokiandika atakiandika yeye. Haya.

Jirani yetu Mama Tusekile, shamba lake la chai limepakana na langu. Siku moja tuko kituo cha kukusanyia majani ya chai, nimefika mbio na kikapu kama kawaida yangu, kabla lori la kiwanda halijaondoka. Nikawa namsimulia jinsi zile tarehe zilivyonichanganya. Akatua kikapu chake, akaniangalia, akasema:

"Gwe Ambakisye, lori la majani hujalikosa hata siku moja, iwe mvua, uwe msiba. Tarehe hukukosea. Uliogopa kubaki peke yako."