Vidole Gumba Kwenye Mswada wa Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya halmashauri huko Kitui, sikupewa kiti. Karani wa Halmashauri, mzee aliyevaa tai hata jua likiwaka namna gani, alinisimamisha kando ya meza yake nimtazame akiandika kumbukumbu za mkutano, yaani ile rekodi rasmi ya nani alisema nini na nini kiliamuliwa. Ilipofika saa sita alifunika kalamu yake. "Kisichoandikwa hakikusemwa," aliniambia. "Ukiacha neno la mtu, umemnyang'anya mdomo." Nilikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, na nilidhani ananitisha tu.

Alinifundisha mengi. Karani hana chama. Karani hacheki mzaha wa diwani mmoja kama hakuucheka wa mwenzake. Karani haulizwi maoni, kwa hiyo asijizoeze kuwa nayo. Hilo la mwisho nililishika vizuri mno, na ndilo ninaloandika habari zake hapa, ili nyinyi vijana mnaoajiriwa leo mjue kazi hii inaweza kumfanyia mtu nini.

Ugatuzi ulipokuja, madaraka yakagawiwa kaunti, nilihamia bunge la kaunti ya nyumbani kwetu, nikapangiwa Kamati ya Mazingira. Kazi ya karani wa kamati ni kuitisha vikao, kuandaa ripoti na kuusindikiza Mswada, yaani sheria ambayo bado ni pendekezo, hatua kwa hatua: unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwa wananchi watoe maoni, kamati inaandika ripoti, halafu unarudi bungeni kujadiliwa na kufanyiwa marekebisho. Ukiruka hatua moja, mahakama inaweza kuifuta sheria nzima.

Chama kilichokuwa na wawakilishi wengi sitakitaja. Nasikia kimeshabadilisha jina hata hivyo. Kilishinda kwa ahadi za miti, mito na mabadiliko ya tabianchi. Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa kupanda miche uani, kila mheshimiwa na wake, na kibao chenye jina lake. Miche ilikauka kabla rangi ya vibao haijapauka. Tulicheka ofisini, lakini mimi nilikuwa nimewaamini. Karani hana chama, ila moyo wangu ulikuwa nacho.

Nao Mswada wao wa kulinda mchanga wa mitoni ulikuwa mzuri. Naweza kusema hivyo kwa sababu niliketi na mwanasheria wa bunge tukiuandika kifungu kwa kifungu. Kwa asiyetoka kwetu nieleze: mito yetu ni ya msimu. Ukijenga ukuta wa mawe kukatiza mto, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hujificha humo chini, jua lisiyafikie. Miezi ya kiangazi unafukua kidogo tu, unateka. Hilo ndilo bwawa la mchanga. Anayechota mchanga kwa lori anabeba na maji yako. Kifungu cha kumi na nne kilisema hakuna atakayechota mchanga karibu na bwawa kama hilo, kwa sababu yoyote ile.

Nyumbani kwetu, chini ya vilima vya Kilungu, bwawa letu lilijengwa na wanawake wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ambayo sisi Wakamba tumeifanya tangu enzi za babu zetu. Kiongozi wao alikuwa Mama Mutuku, mke wa kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alibeba mawe ya ukuta ule akiwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho.

Mkutano wa kuchukua maoni ulifanyika katika ukumbi wa kanisa letu. Nilimwona ameketi mstari wa mbele na wenzake, wamevaa vitambaa vyao vya Jumapili. Waliingia mmoja mmoja kupitia mezani kwangu kujaza orodha ya mahudhurio: jina, kijiji, sahihi. Wengi wa umri wake hawakusoma, basi niliwashika kidole gumba mmoja baada ya mwingine, nikakibonyeza kwenye wino wa muhuri, kisha kwenye karatasi. Mama Mutuku alicheka akisema sasa ameolewa na serikali.

Zamu yake ilipofika alisimama akasema kwa Kikamba kwamba wanaunga mkono kifungu cha kumi na nne kama kilivyo, na wakiongeza neno hata moja la kumfungulia mtu mlango, basi wauchukue Mswada wao wakafunikie sufuria. Niliandika yote, na sufuria pia.

Baada ya wiki mbili Mwenyekiti wa Kamati alirudi kutoka kikao cha ndani cha chama chake akiwa na karatasi moja. Ilikuwa na rekebisho la kifungu cha kumi na nne: mchanga usichotwe karibu na bwawa, isipokuwa kwa miradi ya maendeleo iliyoidhinishwa. Kila mtu katika chumba kile alijua ni malori ya nani yaliyokuwa yakisubiri kule mjini Sultan Hamud. Karani Mkuu wa Bunge, bosi wangu, alieleza kwa upole kwamba rekebisho kubwa namna hiyo lazima lirudi kwa wananchi. Mwenyekiti akasema hakuna muda, bunge linakwenda likizo Alhamisi. Karani Mkuu akanigeukia.

"Madam Kalunde, ile orodha ya kule kanisani iko?"

"Iko, bwana."

"Basi iambatishe kwa ripoti. Watu walikuja, wakasaini. Si hiyo ni kushirikisha umma?"

Nilikuwa na sentensi mdomoni. Nilitaka kusema kwamba walisaini kuonyesha wamefika, na kwamba walichosema kiko kwenye kumbukumbu zangu, neno kwa neno. Lakini nilikuwa nimebakisha mwaka na nusu kustaafu, na kwa miaka yote ile sikuwa nimewahi kutoa maoni bila kuulizwa. Nikasema, "Sawa, bwana."

Ripoti niliichapa mwenyewe. Iliandikwa kwamba wananchi waliotajwa katika kiambatisho waliunga mkono Mswada pamoja na marekebisho. Kumbukumbu zangu zilibaki kwenye faili, kabatini. Mswada ukapita kwa kishindo, waheshimiwa wakapiga meza, na chama kikasifiwa redioni kuwa kinara wa mazingira.

Malori yalifika kabla ya mvua. Barua ya idhini ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha lori la kwanza, na mchanga ukaenda zake kwa barabara ya Mombasa. Wanawake wa mwethya wakaenda mahakamani kudai hawakushirikishwa. Niliitwa kama shahidi wa bunge, kuthibitisha nyaraka tu.

Wakili wa bunge alinionyesha ile orodha, akauliza kama ni halisi. Nikasema ni halisi. Akauliza kama vidole vile vilichapwa mbele yangu. Nikasema ndiyo. Wakili wa akina mama alikuwa kijana, amejitolea, na hakujua kama kulikuwa na kumbukumbu za mkutano. Hakuuliza. Nilimngoja aulize, Mungu ananijua, nilimngoja. Alipoketi, jaji akanishukuru, nikashuka kizimbani.

Kesi ilikwisha hapo, akina mama wakashindwa. Nje kwenye ngazi Mama Mutuku alinisubiri. Nilidhani atanitukana mbele za watu, na ningefurahi kama angefanya hivyo. Aliniinulia kidole gumba chake.

"Nilikupa hiki bila kuuliza karatasi inasema nini," alisema, "kwa sababu aliyeishika karatasi alikuwa wewe."

Akateremka ngazi, akawafuata wenzake.

Nilistaafu kwa keki na saa ya ukutani. Karani Mkuu alitoa hotuba akanisifu kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kukosea rekodi. Ni kweli, sikukosea. Kila jina kwenye orodha ile lilikuwa sahihi, na hiyo ndiyo inayoniuma. Mzee wa Kitui alinionya juu ya kisichoandikwa. Hakuniambia kwamba unaweza kumwandika mtu vizuri kabisa na bado ukamnyang'anya mdomo.

Kwa hiyo nyinyi makarani wapya, mkichukua mahudhurio, andikeni juu ya kila ukurasa kwamba mtu amefika tu, hajakubali lolote. Na mkiulizwa swali dogo huku mnajua jambo kubwa, semeni lile kubwa. Watawafukuza, pengine. Mimi sikufukuzwa, na tazameni.

Bwawa letu sasa ni mwamba mtupu. Tunateka maji ng'ambo ya kilima, mwendo wa asubuhi nzima, na goti langu halipendi. Kaka yangu hunisalimu kwa heshima, kama mgeni. Nilipostaafu nilikwenda kwa mwethya kuomba kujiunga, kwa sababu wanajenga ukuta mpya juu zaidi, mahali ambapo lori haliwezi kushuka. Nilijitolea kuwa mwandishi wao, maana kikundi chochote huhitaji daftari la wanachama. Mama Mutuku alitikisa kichwa. Akasema mawe ni mengi, nibebe mawe. Daftari walilichoma siku ile waliyotoka mahakamani, na tangu hapo hakuna anayeandika jina wala kuweka kidole.

Kila Jumanne asubuhi tunasimama kando ya mto, naye Mama Mutuku anaita majina yote kwa kichwa, bila karatasi. La kwangu huliita mwisho. Ninaweka jiwe chini, ninajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Niko."