Taa ya Njano Kati ya Gitega na Muyinga

Niliondoka Gitega kwa sababu ya taa. Ilikuwa taa ndogo ya njano, yenye umbo la injini, mbele ya usukani wa gari la dizeli la Hamadi, mwenyeji wangu. Mimi ni mtu wa Kigoma, shule niliiacha mapema, na tangu hapo nazunguka tu kuangalia vitu vinavyofanya kazi. Nikiona taa inawaka nataka kujua inasema nini.

Hamadi alitaka izimike, basi. Zahanati moja huko Buhinyuza ilikuwa imemwahidi kazi ya kuwapeleka kina mama wajawazito hospitali mjini Muyinga, ila kwanza gari lipimwe moshi na kompyuta yake isomwe. Mara ya kwanza alikwenda taa ikiwa imezimwa. Fundi wa Gitega alikuwa amemwambia, "Nimesafisha," na Hamadi akaelewa kwamba limesafishwa chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Kumbe fundi alisafisha kumbukumbu ya kompyuta. Mpimaji wa Muyinga alipochomeka mashine yake, akakuta gari halijamaliza hata kujikagua, kama mtu aliyezinduka asijue jina lake. Akamrudisha. Siku chache baadaye taa ikawaka tena. Sasa alibakiwa na nafasi moja. Mwenye gari mwingine alikuwa tayari anaulizwa na zahanati.

Gitega, asubuhi. Nilichomeka kisomeo changu kidogo cha kompyuta ya gari chini ya usukani, simu yangu ikaanza kuonyesha namba.

"Iyo kadude iko inasema nini?" Hamadi akauliza.

"Chujio limejaa."

"Ah bon. Na tumbo yangu iko tupu. Twende."

Nilimweleza kwamba chujio hujisafisha lenyewe. Bomba likipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, masizi huungua. Linahitaji safari, na safari ndiyo hii tunayoianza.

Kuelekea Karuzi barabara hupanda na kushuka. Kila tulipofika juu, Hamadi alitoa gia na kuliacha gari literemke lenyewe. Wengi hufanya hivyo kwenye milima hii, kwa sababu mafuta hayapatikani kirahisi. Na kila alipotoa gia, joto la bomba lilishuka, kuungua kukakatika.

"Kaka Hamadi, acha gia ndani."

"Kwa nini? Mi nachunga mazutu." Mazutu ndiyo dizeli yao.

"Bomba linapoa."

"We Mtanzania, umezaliwa kando ya ziwa, fasi iko plat, hakuna hata kilima. Mi utanifundisha mulima?"

Nikatafuta namba nyingine kwenye simu, ile ya dizeli inayoingia kwenye injini. Mteremko uliofuata nilimwomba aache gia ndani na kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Namba ikaanguka hadi sifuri. Akatoa gia, ikapanda. Gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inabidi ijilishe isizimike.

Karuzi. Alisimama kando ya soko, injini ikinguruma. Hakuniangalia.

"Iko inadanganya."

"Shika simu, niendeshe mimi, uone."

"Gari yangu? Jamais, hata siku moja."

Akaiegesha simu mbele yake, akajaribu mwenyewe, mteremko hadi mteremko, gia ndani, gia nje. Mwishowe alicheka mpaka akafuta macho. "Donc miaka yote hii nilikuwa nagawia mulima mazutu."

Tulipovuka mto Ruvubu na kuanza kupanda, harufu ya chuma cha moto ilitufikia na namba ya masizi ikaanza kushuka. Hamadi alishika usukani kwa mikono yote miwili. Lakini taa ilibaki inawaka.

Karibu na Muyinga alisimamisha gari tena.

"Kwa simu yako kuna fasi ya kufuta. Nimeona. Safisha."

"Ukifuta, kompyuta itaanza upya. Atakurudisha kama mara ile."

"Na nikifika na taa, hatanirudisha? Bibi yangu wa ndoa nilishamuambia kazi iko. Mi nitaenda kumuambia nini?"

Gari lilikuwa lake. Nikampa simu. Kidole gumba chake kilikaa juu ya kitufe. Baiskeli mbili zenye ndizi zilitupita, waendeshaji wakazisukuma hadi juu ya kilima. Kisha akanirudishia simu na kuingiza gia.

Muyinga. Mpimaji, Elia, amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na Kiswahili chake ni kama changu. Alichomeka mashine, akasoma taratibu.

"Safari hii limejikagua lote, na masizi yamepungua sana. Ila kosa la zamani bado limeandikwa."

"Ufute basi, mwana."

"Siwezi, mzee wangu. Likiwashwa na kwenda safari kadhaa bila kosa, taa itajizima. Leo siandiki matokeo. Nenda ulale Buhinyuza, urudi kesho. Usitoe gia mteremkoni."

"Iyo nimeshafundishwa," Hamadi akasema, akinielekezea kidevu. "Na mutu wa plat."

Buhinyuza tulilala kwa binamu yake, mkulima. Kesho yake Hamadi aliwasha gari, taa ikawaka. Njiani alizima kusalimia watu, akawasha tena, ikawaka. Tuliposimama kupakia gunia la maharage la mama mmoja, akageuza ufunguo: taa zote zikamulika pamoja, zikazimika, na ile ya njano ikazimika nazo.

Nikafungua mdomo. Akanizuia.

"Sema alhamdulillahi polepole. Isisikie."

Muyinga tena, Elia aliingiza kipimo kwenye bomba, Hamadi akakanyaga mafuta hadi mwisho, na moshi ulikuwa mdogo. Elia akasaini. Hatujamaliza chai, nesi wa Buhinyuza akapiga simu: kuna mama ameshikwa na uchungu.

"We baki," Hamadi akaniambia. "Fasi yako atalala yeye."

Nilirudi Gitega juu ya lori la maharage. Nilikuwa nimejifunza kwamba namba ikiwa sahihi bado haitoshi. Hamadi aliiamini alipoijaribu kwa mguu wake, na mimi ningemaliza mate bure. Jioni akapiga simu. Mama alifika vizuri, amejifungua mtoto wa kike hospitalini.

Nikamuuliza habari za taa.

"Taa gani?" akasema. "Mi nilikuwa naangalia barabara."