Gitaa Lililofunguliwa Mapema

Kwa miaka sita nilikuwa mpiga gitaa pekee wa kanisa letu la Perry Barr, huku ughaibuni. Wengi wetu ni Wakenya, wauguzi na watunzaji wa wazee, na tunakodi ukumbi kila Jumapili mchana. Watu walikuwa wamezoea nyimbo ziende kwa mwendo wa vidole vyangu. Nikikosea, walikosea pamoja nami, na mimi nilidhani huko ndiko kupendwa.

Kisha akaja dada mmoja kutoka Bukavu. Alikuwa ametokea Scotland, alikokuwa akimtunza mzee mmoja nyumbani kwake. Jumapili yake ya tatu mwalimu wa kwaya akamwomba ajaribu gitaa langu. Alilipakata, akakaza nyuzi mbili ambazo mimi sikuwa nimesikia kwamba zimelegea, akaanza. Sitaki kueleza alivyopiga. Nitasema tu kwamba kuna mama kwetu ambaye husinzia tangu mahubiri hadi baraka, na siku hiyo aliinuka akasogea mbele kusikiliza. Lilikuwa gitaa langu lile lile, na kwa miaka sita halikuwahi kunipa sauti ile.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya aliniambia, "Sasa umepata msaidizi." Kabla ya Krismasi msaidizi nilikuwa mimi.

Nilianza kumtafutia makosa. Anacheka kwa sauti kubwa mno. Kila kitu kwake ni "iko". Nikiwa peke yangu bafuni nilimwigiza mbele ya kioo, jinsi anavyokunja mdomo akipiga, halafu naona aibu, halafu namwigiza tena. Na bado nilikuwa namkaribisha chai, kwa sababu yeye alinipenda. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mwezi wa kwanza alinijia na simu mkononi, akanionyesha picha. Yule mzee wa Scotland vidole vilikuwa vimekakamaa, hawezi tena kupiga. Ameamua kumpa gitaa lake, la zamani kuliko sisi wote wawili, ubao wake wa mbele umeiva rangi ya asali.

"Dada, wewe unafanya kazi ya magitaa," akaniambia. "Unisaidie ifike muzuri."

Ni kweli. Nafanya kazi kwenye ghala moja la Digbeth, nafunga ala za muziki zinazotumwa kwa wateja. Tukakubaliana mzigo uletwe kwangu, kwa sababu yeye anakaa na wapangaji wenzake Lozells na vifurushi huachwa pale mlangoni, nami zamu yangu huanza jioni.

Mwanzo nilifanya yote kama inavyotakiwa. Nilimpigia simu binti wa yule mzee nikamwelekeza. Legeza nyuzi, ila usizitoe. Jaza karatasi chini ya shingo na kando ya kichwa, gitaa lisicheze ndani ya kasha lake. Kasha liingie kwenye boksi, na boksi hilo ndani ya boksi jingine. Tuma Jumatatu, lisije likalala kwenye baridi wikiendi nzima. Yule binti aliandika kila neno, akanishukuru sana. Nilifurahi. Kwa dakika zile mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Mzigo ulifika Jumatano asubuhi, barafu ikiwa bado imeganda kwenye vioo vya magari. Dereva alisema umelala ndani ya gari lake usiku kucha. Niligusa boksi, lilikuwa baridi kama nyama iliyotoka friza. Nikaliweka kwenye ujia, karibu na mlango, mbali na joto la hita.

Gitaa lililopoa namna hiyo halifunguliwi mara moja ndani ya nyumba yenye joto. Huachwa ndani ya boksi lake siku nzima, lipate joto polepole. Likikutana na joto kwa ghafla, vanishi ya zamani hupasuka. Kazini kwangu, majira ya baridi, kila boksi ninalofunga nalibandika karatasi nyekundu yenye onyo hilo. Sikuwa na haja ya kukumbushwa na mtu.

Alikuja saa nane, moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa yunifomu. Hakuvua hata koti. Alilikumbatia boksi, akalibeba mwenyewe hadi sebuleni, akaliweka kwenye zulia mbele ya hita.

"Mungu wangu, iko baridi," akasema. Kisha akanitazama. "Tunaweza kuifungula sasa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kisu cha kukatia boksi mkononi. Niliitazama yunifomu yake, macho yake, ile furaha. Nikafikiria ukumbi Jumapili, yeye na gitaa lile. Ningeweza kusema tu, ngoja hadi kesho.

"Ni lako," nikasema, nikampa kisu.

Alipofungua kasha, ubao ulifunikwa na ukungu papo hapo, kama miwani unapoingia ndani kutoka nje. Akaupangusa kwa mkono wa koti, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Ndipo tukasikia mlio mdogo. Tik. Kisha mwingine.

"Sikia, inaongea!" akacheka.

Halafu mistari ikatokea. Myembamba kama unywele, ikikata ubao wa mbele kutoka upande mmoja hadi mwingine, mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yetu. Kicheko chake kilikatika. Akaondoa mikono yake haraka, kana kwamba ndiyo iliyofanya.

"Dada, nimefanya nini?"

"Labda ni safari," nikasema. "Labda dereva aliliangusha."

Aliniamini. Jioni ile na siku iliyofuata alinipigia simu mara tatu, anataka tuandike malalamiko pamoja, dereva yule aulizwe. Mimi nilikuwa kazini nikibandika karatasi nyekundu. Nilikuwa nimemharibia yeye, na sasa nilikuwa karibu kumharibia kazi mtu ambaye aliniletea mzigo akaniambia nijikinge na baridi.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi hadi Lozells. Alinifungulia, akanikalisha kitandani kwake kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, na hicho kilikuwa na gitaa.

"Si dereva," nikamwambia. "Ni mimi. Nilijua halifai kufunguliwa siku ile. Nikanyamaza."

Alifikiri hakusikia vizuri. Nikarudia.

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Mimi?" Alitazama kile chumba, nguo zilizoanikwa juu ya hita, godoro la pili limesimamishwa ukutani. "Wivu ya nini? Mimi niko na nini?"

Nikamwambia, vidole vyako. Aligeukia dirisha, akasema bila ukali, "Uende tu, dada. Leo siwezi kukuangalia."

Kwa wiki kadhaa hakunisalimia, na sikumlaumu. Alilipeleka gitaa kwa fundi, akaambiwa ubao wenyewe uko mzima, ni vanishi tu iliyopasuka, na haitarudi ilivyokuwa. Alimweleza yule mzee kwamba alilifungua mapema. Jina langu hakulitaja. Hayo nilisimuliwa na mwalimu wa kwaya, ambaye hakujua kwa nini nilishindwa kumwangalia usoni akinisimulia.

Jumapili aliyolileta kanisani kwa mara ya kwanza mimi nilikaa miongoni mwa watu, safu ya nne. Kutoka pale mistari haikuonekana. Sauti ilikuwa nene, yenye joto, ikajaza ukumbi hadi kwenye viti vya nyuma. Ningependa kusema nilifurahi kwa ajili yake. Wivu ulinirudia vile vile, kama siku ya kwanza. Alipomaliza watu walipiga makofi, nami nikapiga, nimechelewa kidogo. Alinyanyua uso, macho yetu yakakutana, akatikisa kichwa kidogo tu. Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananisalimia au ananikataza kumpigia makofi.